Gesi inapovamia kisima cha mafuta: Kwa nini wachimbaji hujifunza kuidhibiti kabla ya siku ya hatari

Na MWANDISHI WETU

MTU anayeshuka matatu katika kituo cha 56, Kawangware, hakosi kuona mitungi ya gesi ya kilo 6 ikiwa imepangwa mbele ya duka. Mnunuzi mwangalifu huinamia vali ya mtungi, akanusa na kutega sikio kabla ya kutoa pesa. Huenda hajawahi kuingia darasa la uhandisi, lakini analijua jambo moja la msingi: gesi iliyotulia mtungini huivisha ugali, na iliyopata mwanya huchoma nyumba.

Wakazi wa Nairobi walikumbushwa jambo hilo kwa uchungu usiku wa Februari 1, 2024, gesi ilipolipuka mtaani Embakasi. Watu kadhaa walipoteza maisha na wengine zaidi ya 200 wakajeruhiwa.

Sasa msomaji na awazie gesi ambayo haijafungwa katika mtungi wowote. Imebanwa ndani ya mwamba, kilomita mbili au tatu chini ya ardhi, kwa nguvu inayozidi ile ya mtungi wa nyumbani mara nyingi sana. Mchimbaji wa mafuta ametoboa mwamba huo bila kujua, na gesi imeanza kupenya kisimani. Afanyeje? Aifungie humo au aiachilie itoke?

Jibu sahihi si hili wala lile, na ndiyo sababu wanaofanya kazi hiyo hulazimika kuifanyia mazoezi mara kwa mara katika mitambo ya kuigiza, ambayo wengi huiita simuleta, kabla ya kukabidhiwa kisima cha kweli.

Suala hili si la mbali na Mkenya. Mnamo Machi 26, 2012, Rais Mwai Kibaki alilitangazia taifa kwamba mafuta yalikuwa yamepatikana katika kisima cha Ngamia-1, eneo la Lokichar, Turkana, kilichochimbwa na kampuni ya Tullow Oil. Mwaka huo huo, kisima cha Mbawa-1 kilichochimbwa na kampuni ya Apache katika bahari ya Pwani ya Kenya kilikuta gesi, ingawa haikutosha kwa biashara. Mnamo 2014, gesi ilipatikana tena nchi kavu, katika kisima cha Sala-1 kaskazini mwa nchi.

Kuanzia Juni 2018, malori yalisafirisha mafuta ghafi kutoka Lokichar hadi Mombasa, na shehena ya kwanza ya takriban mapipa 200,000 ikauzwa ng'ambo Agosti 2019. Mpango huo wa majaribio ulikoma mwaka wa 2020. Mnamo 2025, Tullow ilitia saini mkataba wa kuuza mali yake ya Kenya kwa kampuni yenye uhusiano na Gulf Energy. Ikiwa mafuta ya Turkana yatatolewa kwa wingi, visima vipya havina budi kuchimbwa, na kila kisima kipya ni mlango ambao hakuna ajuaye kwa yakini nani yuko nyuma yake.

TOPE NDILO MLINZI WA KWANZA

Ili kuelewa jinsi gesi inavyodhibitiwa, ni lazima kwanza kuelewa jinsi kisima kinavyochimbwa.

Keekee inayokata mwamba huwa imefungwa kwenye ncha ya bomba refu la chuma. Ndani ya bomba hilo, pampu husukuma tope maalumu hadi chini. Tope hutokea kwenye matundu ya keekee, likaosha vipande vya mwamba na kuvipandisha juu kupitia nafasi iliyo kati ya bomba na ukuta wa kisima. Likifika juu huchujwa, likarudishwa katika matangi na kusukumwa tena.

Tope hilo si la mtoni. Ni mchanganyiko uliopimwa wa maji, au wakati mwingine mafuta, pamoja na udongo laini na unga wa madini mazito yaitwayo baraiti. Mbali na kuosha kisima, lina kazi kubwa zaidi: uzito wake hukandamiza mwamba ili mafuta, maji na gesi iliyomo isitoke kabla ya wakati wake.

Tuchukue mfano wa mazoezi wenye hesabu nyepesi. Safu ya maji yenye urefu wa mita 10 hukandamiza kwa uzito wa kilo 1 juu ya kila sentimita mraba. Ikiwa kisima kina kina cha mita 2,500 na lita moja ya tope ina uzito wa kilo 1.20, basi shinikizo chini ya kisima ni kilo 300 kwa kila sentimita mraba. Mwamba ukiwa na gesi yenye shinikizo la 290, tope linashinda na kazi inaendelea salama. Keekee ikiingia katika mwamba wenye shinikizo la 320, tope limezidiwa kwa 20, na gesi inaanza kuingia.

Mwamba wenye shinikizo kubwa kuliko ilivyotarajiwa si chanzo pekee. Wachimbaji wakivuta bomba juu kwa pupa, bomba hufyonza kama bastola ndani ya bomba la sindano na kuivuta gesi kisimani. Tope likipotelea katika nyufa za mwamba, safu yake hupungua na kukosa uzito wa kutosha. Wahudumu wakisahau kujaza kisima wakati bomba linatolewa, matokeo ni yale yale.

Dalili huonekana juu kabla ya balaa. Kiasi cha tope katika matangi huongezeka, ilhali hakuna aliyeongeza. Tope hurudi kwa kasi kuliko linavyosukumwa. Keekee huenda ghafla mbio kuliko awali. Dalili iliyo wazi kuliko zote ni pampu kuzimwa na kisima kuendelea kutoa tope chenyewe.

Hapo mchimbaji hana muda wa kushauriana. Huzima pampu na kufunga vali kubwa za dharura zilizo kwenye mdomo wa kisima, ambazo huweza kulibana bomba kutoka kila upande. Kisima kimefungwa. Wengi wangedhani kwamba hatari imekwisha, kumbe kazi ngumu ndiyo kwanza imeanza.

MITEGO MIWILI

Gesi ni nyepesi kuliko tope, hivyo haitulii chini. Hupanda polepole hata kisima kikiwa kimefungwa. Katika kupanda huko, ikiwa haina nafasi ya kutanuka, hubeba shinikizo lake lote.

Turudi kwenye mfano wetu. Gesi iliyoingia ikiwa na shinikizo la 320 ikifika juu bila kutanuka, itakuwa bado na takriban 320. Chini yake kuna safu ya tope yenye shinikizo linalokaribia 300. Kwa hiyo sehemu ya chini ya kisima itabeba zaidi ya 600, karibu mara mbili ya nguvu ya mwamba wenyewe. Kabla ya kufika hapo, mwamba dhaifu utapasuka au vyuma vitaachia, na gesi itatafuta njia ya kando hadi juu ya ardhi, mahali pasipo na vali yoyote. Huo ndio mtego wa kwanza: kuifungia gesi kabisa.

Mtego wa pili ni kuiachilia. Tuseme gesi iliyoingia ni mita 2 za ujazo. Katika kisima kilicho wazi, ikifika nusu ya njia shinikizo litakuwa limepungua kwa nusu, na gesi itakuwa takriban mita 4. Hakuna la kutisha hapo, na matangi hayaonyeshi mabadiliko makubwa. Lakini zikibaki mita 80 hivi kufika juu, itakuwa imefika mita 60. Ikitoka kwenye hewa ya kawaida itakuwa mita 640. Hesabu hii haikuzingatia joto wala tabia zote za gesi halisi, lakini inaonyesha ukweli wa kuogofya: gesi husafiri kimya sehemu kubwa ya njia, kisha hufura kwa ghafla karibu na mlango. Ikifura huitupa nje tope iliyo juu yake, kisima kikawa chepesi zaidi, na gesi nyingine ikaingia kwa wingi. Cheche moja ya injini yatosha kuleta moto.

Njia ya uokovu imo katikati ya mitego hiyo. Gesi huruhusiwa kutanuka kadiri inavyopanda, lakini kwa kipimo, huku shinikizo la chini ya kisima likishikiliwa pale pale, juu kidogo ya lile la mwamba. Kifaa cha kufanyia kazi hiyo ni vali ya kubana iliyo kwenye bomba la kutokea. Ikifunguliwa kidogo shinikizo hushuka. Ikibanwa kidogo hupanda.

NJIA ZA KUKIDHIBITI KISIMA

Baada ya kufunga kisima, wahudumu husoma geji mbili. Ya kwanza hupima shinikizo ndani ya bomba la kuchimbia, ambamo mna tope safi. Katika mfano wetu itaonyesha 20, yaani upungufu ule ule wa tope. Ya pili hupima nafasi ya nje ya bomba, ambamo gesi imeingia. Kwa kuwa gesi ni nyepesi, geji hii huonyesha zaidi, tuseme 28. Kwa tarakimu ya kwanza mhandisi anakokotoa uzito wa tope jipya: lita moja yapaswa kuwa na kilo 1.28 ili safu ya mita 2,500 itoe 320.

Kuna njia mbili kuu za kuendelea. Ya kwanza hujulikana kama njia ya mchimbaji, nayo ina mizunguko miwili. Katika mzunguko wa kwanza, pampu huwashwa polepole kwa kutumia tope lile lile la zamani ili kuiondoa gesi. Ikiwa pampu kwa mwendo huo huhitaji shinikizo la 35, basi geji ya bomba itasoma 35 na 20, yaani 55, pamoja na nyongeza ndogo ya tahadhari. Mshika vali ana kazi moja tu: kuhakikisha geji hiyo haiondoki kwenye 55 hadi gesi yote itoke. Katika mzunguko wa pili, tope zito la 1.28 husukumwa kujaza kisima.

Njia ya pili ni ya kusubiri na kuongeza uzito. Kisima hubaki kimefungwa hadi tope zito liwe tayari, kisha gesi huondolewa na tope zito kuingizwa katika mzunguko mmoja. Geji ya bomba huanza kwenye 55 na kuteremka hatua kwa hatua hadi 37 tope zito linapofika kwenye keekee, kisha hushikiliwa hapo.

Kila njia ina faida na gharama yake. Ya kwanza huanza mara moja na haina hesabu nyingi, lakini mara nyingi huupa mwamba wa juu na vyuma mzigo mkubwa na wa muda mrefu. Ya pili huweza kupunguza mzigo huo, ila wakati wa kuchanganya tope gesi huendelea kupanda, na hesabu zake hazisamehe makosa.

Zipo njia nyingine za dharura. Pampu zikiharibika, wahudumu huachilia tope kidogo kidogo huku wakipima kila lita, ili gesi ipate nafasi ya kutanuka. Na gesi ikiwa na sumu ya haidrojeni salfaidi, ambayo haifai kufikishwa karibu na watu, huenda ikasukumwa kwa nguvu irudi ndani ya mwamba, japo kwa hatari ya kuupasua mwamba huo.

KISIMA NDANI YA KOMPYUTA

Hapa ndipo mtambo wa kuigiza unapoingia. Kompyuta hukigawanya kisima katika vipande vingi vya urefu, kisha kila baada ya muda mfupi hukokotoa gesi na tope vilivyomo katika kila kipande, kasi ya kila kimoja, na shinikizo lake. Kanuni zinazotumika ni zile zile za fizikia: kitu hakipotei, nguvu husawazishwa, na gesi hutanuka shinikizo likipungua.

Programu sahili huichukulia gesi kuwa povu moja kubwa linalopanda likiwa zima. Hesabu zake kwa kawaida hutoa shinikizo kubwa kuliko la kweli, jambo ambalo si baya kwa anayepanga kwa tahadhari. Programu za juu zaidi huzingatia kwamba gesi hutawanyika katika viputo vingi, vingine vikitangulia na vingine vikibaki nyuma.

Zaidi ya hayo, tope likiwa la mafuta, gesi huyeyuka ndani yake mithili ya sukari katika chai. Matangi huonyesha ongezeko dogo tu, mchimbaji akatulia. Lakini karibu na juu, shinikizo linapopungua, gesi hufumuka kutoka katika tope kama soda iliyotikiswa kisha ikafunguliwa. Asiyewahi kuliona jambo hilo katika mazoezi si rahisi kuliamini siku ya kwanza.

Uigizaji huo hutumika kwa mambo matatu. Kabla ya kuchimba, wahandisi hujaribu kisima kwenye kompyuta ili kujua ni gesi kiasi gani kinaweza kuhimili, na bomba la kinga lifike kina gani. Baada ya ajali, wachunguzi huurudia mkasa hatua kwa hatua. Na kila siku, vyuo hufunza wahudumu.

Katika mafunzo, mwanafunzi huketi mbele ya geji na vipini vilivyo sawa na vya kazini. Mkufunzi, kutoka meza nyingine, huingiza gesi bila kutoa taarifa. Baadaye huweza kuziba tundu la keekee, kuzima pampu au kutoboa bomba, ili kuona iwapo mwanafunzi atatambua kilichotokea au atakimbilia vali kwa hofu.

Kosa la kawaida la wanaoanza ni pupa. Mabadiliko yaliyofanywa kwenye vali hayaonekani papo hapo kwenye geji ya bomba, kwani ishara ya shinikizo hulazimika kushuka hadi chini na kupanda tena. Katika kisima cha mita 2,500 huchukua sekunde kumi na kadhaa. Mwanafunzi akiona geji haijasogea, hubana tena, kisha tena. Hufanana na mpishi anayeongeza chumvi kabla ile ya kwanza kuyeyuka. Matokeo yakifika, shinikizo limepita kiasi. Subira hiyo ya sekunde chache haifundishiki ubaoni, hujengeka mkononi.

Ndiyo maana shirika la kimataifa la IWCF, lenye makao yake Scotland, huwapima wachimbaji na wasimamizi kwa mtihani wa vitendo kwenye simuleta pamoja na wa kuandika. Cheti chake hudumu miaka miwili tu, kisha mhusika hulazimika kurudi darasani.

MAFUNZO YALIYOLIPIWA KWA DAMU

Mnamo Aprili 20, 2010, gesi ilipanda kutoka kisima cha Macondo katika Ghuba ya Meksiko na kulipua mtambo wa Deepwater Horizon. Watu 11 walifariki na mafuta yakamwagika baharini kwa siku 87. Uchunguzi ulionyesha kwamba jaribio la shinikizo lilitafsiriwa vibaya, na kwamba gesi ilikuwa tayari imezipita vali za dharura wahudumu walipotanabahi. Vipimo vilikuwa vimeonyesha dalili. Kilichokosekana ni jicho la kuzisoma kwa wakati.

Afrika nayo haikusalimika. Mnamo Januari 2012, mwezi ule ule ambapo uchimbaji wa Ngamia-1 ulikuwa ukianza Turkana, mtambo wa KS Endeavor uliokuwa ukichimba gesi katika bahari ya Nigeria ulilipuka. Wafanyakazi wawili walipoteza maisha na moto ukawaka kwa zaidi ya mwezi mmoja.

Majirani zetu wa Uganda wamo katika uchimbaji mkubwa kandokando ya Ziwa Albert. Mradi wa Tilenga ulipangiwa takriban visima 400 na ule wa Kingfisher visima 31. Ukingoni mwa ziwa hilo kuna wavuvi, na Turkana kuna wafugaji ambao mifugo yao hulisha karibu na visima. Hao hawatakuwa wameshika vali siku ya hatari, lakini ndio watakaovuta moshi wake na kunywa maji yake.

Sheria ya Petroli ya Kenya ya mwaka wa 2019 inawataka wachimbaji kufuata taratibu bora za sekta hiyo, na inagusia ajira na mafunzo kwa wananchi. Aghalabu mjadala wa ajira humu nchini huishia kwenye idadi: ni vijana wangapi watachukuliwa, na wa kutoka wapi. Yafaa liulizwe pia swali la pili: watakuwa wamekaa saa ngapi mbele ya simuleta kabla ya kukabidhiwa zamu ya usiku? Taifa lina taasisi kama ile ya Morendat, Naivasha, iliyoanzishwa na Kampuni ya Kenya Pipeline kwa ajili ya mafunzo ya mafuta na gesi. Mahali pa kuanzia papo.

Simuleta ina mipaka yake. Haiwezi kuwa ya kweli kuliko takwimu ilizolishwa, wala haina kelele, joto na hofu ya kisima halisi. Lakini ina jambo moja ambalo kisima hakina: mwanafunzi akikosea, mtambo huzimwa, watu wakanywa chai, kisha zoezi likaanza upya.

Mnunuzi wa gesi pale 56 hunusa vali kabla ya kuubeba mtungi nyumbani kwa watoto wake. Hakungoja moto umfundishe. Wanaotaka kufungua mitungi mikubwa iliyozikwa chini ya Turkana hawana sababu ya kuwa na tahadhari ndogo kuliko yake.